Nusu ya Unywele

Kanisa la Barbara Mtakatifu, mjini Kutná Hora,
lina paa tatu zilizochongoka
kama mahema ya jeshi lililokataa kuondoka.
Mimi nimepewa milimita thelathini na saba
na barua ya kamati: liingie lote.

Basi nachonga. Kinyumenyume,
maana muhuri wa chuma husema kama kioo:
kushoto kwangu ni kulia kwenu,
mnara wangu ni shimo,
na kila jiwe litakaloinuka kwenye fedha
sharti kwanza nilizamishe.
Bwana Hynek, aliyenifunza kazi, alizoea kusema,
"Libuše, sisi hatujengi. Tunachimba."
Kisha hupuliza vumbi la chuma, hukohoa, hucheka.

Hakukosea. Fedha ilitoka chini ya mji ule ule.
Wanaume wa kanzu nyeupe, wapate kuonana gizani,
waliketi juu ya vipande vya ngozi
wakateleza hadi tumboni mwa kilima,
na walichokipandisha kikawa sarafu,
sarafu zikawa mawe, mawe yakawa matao.
Mshipa ulipokauka
kanisa likabaki halijaisha,
likangoja karne baada ya karne
kama mdai mwenye adabu, kofia mkononi.

Fedha fedheha, husemwa.
Hii yangu haina hata fedheha:
inalala ndani ya kijaluba cha plastiki, haiguswi,
na ukiipeleka sokoni
muuza jibini atakuuliza kama u mzima.

Kamati ilikuwa na kalamu nyekundu.
Jukwaa la mafundi, ondoa.
Njiwa, ondoa.
Gari la taka nililochora kwa utani, ondoa, mara mbili chini yake mstari.
Mama wa tiketi na sufi yake ya kijani
hakuwamo hata kwenye mchoro wa kwanza,
ingawa ndiye aliyenipa kiti siku nne za Machi
nikihesabu matao kwa vidole vilivyokufa ganzi.
Siku ya tano alitoka na chai.
Mikono imejaa, mlango wa kando aliusukuma kwa bega,
na bawaba yake ni kongwe:
ulirudi, lakini haukurudi wote.

Nikautia hivyo.
Nusu ya unywele wa giza
kati ya ubao na jiwe.
Watu tisa waliutazama mnara, wakausifu, wakatia saini.

Leo imefika barua kutoka Olomouc,
mwandiko wa wino, herufi zimenyooka kama meno ya bandia.
Ctibor Zelinka, daktari wa meno, mstaafu:
"Nina makanisa tisini na manne ya fedha
na sijasali tangu nikiwa na miaka kumi na mmoja.
Mlango wa kanisa lenu una ufa.
Nimeukagua kwa lenzi iliyonilisha miaka arobaini;
ufa naujua.
Ikiwa ni kasoro, nirudishieni pesa zangu.
Ikiwa si kasoro,
tafadhali niambieni kuna nini ndani."

Ndani?
Ndani hamna kitu, bwana.
Kuna unene wa kucha ya mtoto, kisha upande wa pili,
ambako simba wa taifa amesimama na bei yake.
Ndivyo nilivyotaka kumjibu.
Karatasi ya idara ina nembo juu
na nafasi ya mistari saba.
Nimeikalia tangu saa nne asubuhi,
theluji imeanza, imeacha, imeanza tena,
na Marketa wa masijala amepita mara mbili
kuuliza kama ni rejesho au si rejesho.

Si rejesho.

Mpendwa Bwana Zelinka, nimeandika,
kuna mama anafuma, kitu cha kijani, sikuuliza ni cha nani.
Chai ipo.
Anasema ukifika usibishe hodi, hatasikia:
sukuma kwa bega.